Besi Kuukuu za Morogoro: Umri wa Chombo na Mikono Iliyokipitia

Historia ya muziki wa dansi katika Tanzania imeandikwa zaidi kwa majina ya watu na majina ya nyimbo. Twajua nani aliimba, nani alitunga, na bendi ipi ilishindana na ipi. Lakini chombo chenyewe kilichopigwa hutajwa kwa nadra, na kikitajwa hutajwa kwa neno moja tu, kana kwamba magita yote ni gita moja. Katika makala haya nakusudia kueleza habari za gita la besi, na hasa besi kuukuu, zile zilizokwisha kupita mikononi mwa wapigaji wengi: jinsi umri wake unavyotambulika, jinsi ya kuinunua bila kudanganyika, na jinsi ya kuitunza. Nimeuchagua mji wa Morogoro kwa sababu ni miji michache ya bara iliyopata sifa kama yake katika muziki huo, na kwa sababu hali ya hewa ya milima ya Uluguru humfundisha mtunza vyombo mambo ambayo vitabu vya Ulaya na Marekani havimfundishi.

Neno langu kuu ni hili. Besi ya bendi ya Morogoro aghalabu haikuwa mali ya mpigaji. Ilikuwa mali ya kundi. Kwa hiyo alama zake zote, makovu, viraka, skrubu zisizolingana na rangi iliyopakwa juu ya rangi, ni maandishi ya kundi lile. Soko la leo huzihesabu alama hizo kuwa kasoro, na mnunuzi hushauriwa azifute. Mwanahistoria akinyamaza, zitafutwa.

Reli ya kati ilifika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907. Mashamba ya katani yalienea katika tambarare, na watu wa makabila mengi wakakutana chini ya milima, kazi mchana na burudani usiku. Morogoro Jazz Band ilianzishwa mwaka 1944, mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe, ambaye baadaye alikuja kuwa mpiga solo na mwimbaji wake mkuu. Salum Abdallah, aliyezaliwa papo hapo Morogoro mwaka 1928, alianzisha bendi yake mwaka 1948 kwa jina la La Paloma, nayo ndiyo iliyokuja kujulikana kote kwa jina la Cuban Marimba. Bendi hizi mbili ziligawanya mji kama timu za mpira zigawanyavyo miji mingine. Salum Abdallah alikufa katika ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaendelea na Cuban Marimba. Mbaraka alikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970, akatoka Morogoro Jazz mwaka 1973 kuunda Super Volcano, naye akafa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979. Hayo yanajulikana. Tusilolijua ni kilichokuwa nyuma ya waimbaji hao, kikishika mwendo.

Yafaa kwanza tulitazame neno. Chombo katika lugha ya pwani ni kitu cha kutumia, ni sufuria na sahani, tena ni jahazi. Katika vinywa vya watu wa dansi, vyombo ni magita, ngoma, tarumbeta, ampilifaya, spika na nyaya zake zote kwa jumla. Husemwa kwamba bendi fulani ina wapigaji wazuri lakini haina vyombo, na maana yake ni kwamba bendi hiyo haipo bado. Husemwa vilevile mwenye vyombo, na huyo si mpigaji. Ni yule aliyenunua, naye ndiye mwenye kauli. Katika matumizi hayo mafupi mna sheria nzima ya mali. Bendi za kwanza ziliendeshwa kama vyama vya starehe, kwa michango ya wanachama, na vyombo vilikuwa vya chama. Baada ya uhuru, na hasa tangu NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964, mashirika ya umma, jeshi na polisi yakawa na bendi zao, na vyombo vikawa vya shirika. Mtu akihama, alihama na mikono yake na mtindo wake. Besi ilibaki ikimngoja mwingine.

Kwa Waluguru jambo hili halikuwa geni. Ardhi ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, ilikuwa ya ukoo, na mtu aliitumia kwa haki ya uzawa wake. Miti aliyoipanda mwenyewe ilihesabiwa kuwa yake, lakini udongo ulibaki. Sisemi kwamba bendi zilijifunza kutoka kwa lukolo. Wapigaji walitoka pande nyingi. Nasema tu kwamba msikilizaji wa Mgeta au Matombo asingehitaji kuelezwa kwa nini mpigaji aliyeipiga besi miaka 10 aliondoka mikono mitupu.

Sasa tuje kwenye chombo. Sauti nzito ilikuwako kabla ya gita la besi: kulikuwa na fidla kubwa ya kusimama, na katika sehemu nyingi za Afrika watu waliisawazisha kwa sanduku la chai, fimbo na uzi mmoja. Katika Marekani, Paul Tutmarc wa Seattle alikwisha kuunda besi ya umeme ya kupakatwa katika miaka ya 1930, lakini haikuenea. Iliyoenea ni Precision Bass ya Leo Fender, iliyoanza kutolewa Fullerton, California, mwaka 1951. Jina lake lilitokana na freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopita shingoni, ambavyo humwezesha mpigaji kupata sauti sahihi bila kubahatisha. Mwaka 1956 kampuni ya Höfner ya Ujerumani ikatoa besi yenye umbo la fidla, nyepesi, yenye mwili ulio wazi ndani. Na mwaka 1960 Fender wakaongeza Jazz Bass. Viwanda vya Japani navyo, katika miaka ya 1960, vikatoa magita mengi ya bei nafuu kwa nchi za nje, mara nyingi kiwanda kimoja kikiuza chombo kile kile kwa majina kadha wa kadha.

Hapo ndipo kazi ya kutambua inapoanza kuwa ngumu, maana jina lililo kichwani ndilo shahidi dhaifu kuliko wote. Jina ni karatasi au rangi. Huweza kubanduliwa na kubandikwa. Namba nayo si shahidi mwenye nguvu kama watu wadhaniavyo. Katika besi za Fender za kabla ya mwaka 1976 namba kwa kawaida ilipigwa kwenye bamba la chuma lililoshikwa kwa skrubu 4 nyuma ya maungio ya shingo, na kitu kilichoshikwa kwa skrubu 4 kinaweza kuhamia gita jingine katika muda wa kuchemsha chai. Magita mengi ya Japani ya wakati ule hayana namba kabisa, au yana namba isiyotuambia mwaka.

Shahidi wa kwanza wa kuaminika ni rula. Pima kutoka kijipande cha mfupa kilicho mpakani mwa kichwa na shingo hadi freti ya 12, kisha uzidishe mara mbili. Hapo umepata urefu wa uzi unaolia. Fender ni sentimita 86 na ushei, yaani inchi 34. Höfner yenye umbo la fidla, na besi nyingi za Japani za miaka ya 1960, ni karibu sentimita 76. Urefu huu hauwezi kughushiwa bila kuibadilisha shingo nzima. Basi ukiona jina la Fender Precision kichwani na rula ikasema 76, hapana haja ya kuendelea na maneno.

Shahidi wa pili yumo ndani. Fungua bamba la vifungo vya sauti, utazame mgongo wa kile kikopo cha chuma kilicho chini ya kifungo. Viwanda vya Marekani vilipiga hapo tarakimu. Tatu za mwanzo ni za aliyekitengeneza: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka na juma. Ukisoma 1376620, kikopo kile kilitengenezwa na CTS katika juma la 20 la mwaka 1966. Katika vile vya miaka ya 1950 mwaka huweza kuandikwa kwa tarakimu moja tu, na msomaji ni lazima atumie akili kujua ni mwongo upi. Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea: tarakimu hizi hazisemi gita lilizaliwa lini. Zasema tu kwamba halikuweza kuzaliwa kabla ya hapo, maadamu kikopo ni cha asili. Fender, baada ya kununuliwa na kampuni ya CBS mwaka 1965, walikuwa na akiba kubwa ya vikopo vya mwaka 1966, wakaendelea kuvitia katika magita ya miaka iliyofuata. Msomaji wa hati za kale anaijua hoja hii: karatasi huweza kuwa ya zamani kuliko maandishi yaliyo juu yake.

Shahidi wa tatu ni lehemu. Lehemu ya kiwandani huwa ndogo na ya aina moja kila mahali. Ya fundi wa mtaani huwa bonge, tena mara nyingi rangi ya waya hubadilika penye kiungo. Shahidi wa nne ni kisigino cha shingo, pale panapoingia mwilini. Ukilegeza skrubu na kuitoa shingo ya Fender ya zamani, mara nyingi utakuta tarehe, kwa penseli katika zile za mwanzo, kwa muhuri baadaye. Kazi hii isifanywe sokoni kwa pupa. Tundu la skrubu likilegea, shingo haitatulia tena.

Shahidi wa tano ni mti. Fender walianza na shingo za mti wa mepoli peke yake, na mwaka 1959 wakaanza kuweka juu yake ubao wa rozi, jamii ya mti iitwayo Dalbergia. Mpingo wetu nao ni Dalbergia, na huota katika mkoa wa Morogoro. Kwa macho tu, ubao wa vidole uliochakaa ukabadilishwa kwa mpingo humdanganya mtu kwa urahisi, kwa kuwa mpingo uliokwisha kupakwa mafuta na jasho la miaka mingi hufanana na rozi nyeusi. Ila mpingo ni mzito zaidi, na vinyweleo vyake ni vidogo mno. Mwenye shaka asiende mbali: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hufundisha elimu ya misitu papo hapo Morogoro. Atakayetaka kuvusha gita kama hilo mipakani na ajue pia kwamba jamii yote ya Dalbergia iliwekwa chini ya sheria za biashara ya kimataifa ya viumbe mwaka 2017, na kwamba ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa mwaka 2019, isipokuwa zenye rozi ya Brazil, ambayo imekatazwa kwa ukali tangu mwaka 1992.

Nimesema habari za ubao uliobadilishwa kwa mpingo kama mfano, lakini mifano ya namna hiyo haikuzuka bure. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, biashara kubwa ya kuingiza bidhaa iliwekwa mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa. Katika miaka ya 1970 fedha za kigeni zikapungua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaimaliza hazina. Ni mwaka 1984 tu ndipo watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za nje. Fikiri basi hali ya besi iliyonunuliwa mwaka 1965. Nyuzi zake zikikatika, mpya hazipo. Pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, ikifa, hapana duka la kuuliza. Fundi wa redio huizungushia waya upya kwa mkono. Kichwa kikivunjika, seremala hukiunga kwa gundi na vipande vya mninga. Mafundi hao hawakuacha vitabu. Waliacha kazi, nayo imo ndani ya gita.

Kwa sababu hiyo siafiki kanuni ya soko inayosema kwamba besi yenye kila kitu cha asili ndiyo bora na iliyotengenezwa imepungua thamani. Kwa bei, ni kweli, nami simshauri mtu alipe bei ya kitu kizima kwa kitu kilichoungwa. Kwa elimu, si kweli. Mfano mashuhuri ni wa mbali. Paul McCartney alinunua besi ya Höfner mjini Hamburg mwaka 1961. Ikaibwa London mwaka 1972. Ikapatikana, na habari zake zikatangazwa Februari 2024, baada ya miaka zaidi ya 50. Besi za namna ile zilitengenezwa nyingi. Miongoni mwa alama zilizoipambanua ni zile za matengenezo yake ya mwaka 1964, ilipopakwa rangi upya na pikapu zake zikatiwa katika fremu mpya. Kama mtu katikati ya miaka hiyo angeirudishia “asili” yake, nani angeijua? Besi za Morogoro hazina wapiga picha wa magazeti ya London wa kuzitolea ushahidi. Sahani za santuri za Afrika Mashariki mara nyingi ziliuzwa katika karatasi tupu yenye jina la kampuni tu, wala hatupati humo picha ya kila chombo. Zimebaki sauti, katika sahani na katika kanda za Radio Tanzania, ambamo solo, rithimu na besi hujibizana. Na yamebaki makovu.

Kuhusu kununua, nitakuwa mfupi, kwa kuwa mengi yamekwisha kusemwa. Gita hutazamwa kwanza kama seremala atazamavyo ubao: lishike mwili, lipe jicho kutoka kichwani, uone kama shingo imepinda au imejisokota. Iliyopinda kidogo hutengenezeka kwa fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo. Iliyojisokota ni taabu. Kisha bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame nafasi ya katikati. Ipite karatasi nene, isipite sarafu. Zungusha ile skrubu ya fimbo robo tu, kujua kama ingali hai, na kama muuzaji akikataa usimlazimishe, lakini ukumbuke kwamba amekataa. Piga kila freti moja moja. Mwisho tia waya katika ampilifaya na uzungushe vifungo. Mkwaruzo wa vumbi si ugonjwa, lakini ukimya ni ugonjwa. Nusa pia: gita lililokaa na ukungu hunuka, na harufu hiyo haidanganyi kama rangi.

Kutunza kwataka maneno zaidi. Mji wa Morogoro uko kaskazini mwa milima, upande usiopata mvua nyingi. Kwa mwaka hazifiki milimita 1,000. Upande wa mashariki wa Uluguru, unaotazama bahari, hupata zaidi ya milimita 2,000, na vilele vyake, vyenye zaidi ya mita 2,600, hufunikwa na mawingu sehemu kubwa ya mwaka. Bendi iliyotoka mjini kwenda kupiga harusi milimani, kisha ikashuka tambarare ya Kilosa, ilivipitisha vyombo vyake katika tabia tatu za nchi katika juma moja. Mti hunywa unyevu na kuutoa. Shingo iliyokazwa vizuri wakati wa masika itainuka au kulala ifikapo Agosti, na mpigaji asiyejua atailaumu besi. Basi shingo hutazamwa mara mbili kwa mwaka angalau, masika yakiisha na kabla ya vuli, na fimbo hugeuzwa kidogo kidogo, leo robo, kesho robo.

Gita lisiegemezwe ukuta wa udongo wala kulazwa sakafuni. Nyuzi zipanguswe kila baada ya kupigwa, kwani jasho lenye chumvi huleta kutu upesi. Mwili ulio wazi ndani, kama wa Höfner, uchunguzwe kwa tochi: unga mwembamba chini ya tundu ni dalili ya bungua, na panya hupenda nyaya zilizofunikwa kwa kitambaa. Gita lisilopigwa kwa miezi mingi lilegezwe nyuzi kidogo, si kabisa, kwa kuwa fimbo ya ndani huvuta upande wake na haina mpinzani nyuzi zikitolewa zote.

Tena kuna sharti moja ambalo mafundi wema hulifuata bila kuambiwa. Kilichotolewa kisitupwe. Pikapu iliyokufa, freti zilizolika, skrubu ya zamani yenye kutu, vyote vitiwe katika mfuko na kufungwa pamoja na gita, na muuzaji amkabidhi mnunuzi mfuko huo. Kabla ya kupaka rangi mpya, rangi ya zamani ipigwe picha. Kama kuna jina la bendi lililoandikwa kwa mkono mgongoni au kwenye sanduku, lisiguswe kabisa. Mwenye chombo aulizwe alikipata kwa nani, na huyo alikipata kwa nani, hata kumbukumbu ikome. Na fundi aulizwe anaviitaje vile anavyovishika, kwa kuwa majina ya sehemu za gita yamo katika karakana na hayajaingia kamusini. Majibu yaandikwe kwenye kipande cha karatasi, pamoja na tarehe ya matengenezo na kilichofanywa, na karatasi hiyo iwekwe ndani, chini ya bamba la vifungo. Iandikwe kwa penseli, kama walivyofanya wale wa Fullerton katika visigino vya shingo zao.